Jinsi ya kuelewa na kupima hedispesi ya bastola ya nusu-otomatiki

Bastola ikigonga fataki (kile kidonge cha kuwashia kilicho kwenye kitako cha risasi) na risasi isiwake, au slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, ikikwama kidogo tu kabla ya kufunga, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba hedispesi imeharibika. Mara nyingi anakosea. Katika bastola za nusu-otomatiki, hasa za risasi aina ya 9 mm Luger na .45 ACP, makosa mengi yanayobebeshwa hedispesi ni ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) iliyo chafu, ya risasi iliyotengenezwa vibaya, au ya risasi ambayo si ya bastola ile kabisa. Hata hivyo hedispesi iliyozidi ipo, na iliyopungua ipo, na zote mbili zinapimika. Kinachotakiwa ni kupima bastola peke yake, kisha kupima risasi peke yake, na kutochanganya majibu.

Hedispesi ni nini

Chukua bastola iliyofungwa. Nyuma ya risasi kuna uso wa slaidi, ule wenye tundu dogo la kupitisha pini inayogonga fataki. Mbele, ndani ya chemba, kuna mahali panapoizuia risasi isizidi kusonga. Umbali kati ya uso ule na kizuizi kile ndio hedispesi. Ni kipimo cha bastola, si cha risasi. Risasi ina urefu wake, na nafasi inayobaki kati ya hivyo viwili ndiyo watu wengi huiita hedispesi kimakosa.

Kizuizi chenyewe hubadilika kulingana na umbo la ganda. Ganda la .22 LR lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaozuia. Ndiyo maana uchafu mdogo tu chini ya ukingo hufanya bastola ya .22 isifunge. Ganda la 7.62x25 Tokarev lina bega, kwa hiyo linazuiwa begani. Ganda la 9 mm Luger na la .45 ACP halina ukingo uliotokeza wala bega, hivyo linazuiwa na mdomo wake: mwisho wa chemba kuna kidato chembamba, upana wake chini ya nusu milimita, na mdomo wa ganda unatakiwa kukutana nacho. Kabla ya kupima chochote, jua bastola yako iko kundi gani.

Kuna makundi ya katikati pia, na yamewahi kuleta shida. Risasi ya .38 Super, iliyotolewa na kampuni ya Colt mwaka 1929, ina ukingo uliotokeza kidogo tu, na bastola za mwanzo zilitegemea ukingo huo kuizuia risasi. Zilikuwa na sifa mbaya ya kutolenga vizuri. Watengenezaji wa mitutu walipoanza kukata chemba yenye kidato ili risasi izuiwe kwa mdomo wa ganda, ulengaji ukawa mzuri. Risasi ni ileile, iliyobadilika ni sehemu inayoizuia.

Mfano mwingine unatoka upande wa rivolva, bastola za silinda inayozunguka, lakini unafaa hapa. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Marekani lilitaka rivolva zinazotumia .45 ACP, risasi isiyo na ukingo uliotokeza. Smith & Wesson walikata kidato ndani ya kila chemba ya rivolva yao ya M1917, hivyo ilipiga hata bila vile vibanio vya chuma vya kushikia risasi. M1917 za mwanzo za Colt zilikuwa na chemba iliyonyooka bila kidato. Ukitia risasi bila kibanio, inazama ndani na pini haiifikii fataki sawasawa.

Kinachotokea pini inapogonga

Tazama tukio lile polepole. Pini inagonga fataki, na kabla fataki haijawaka, pigo lile linaisukuma risasi nzima mbele. Inakwenda mpaka ikutane na kidato, au mpaka izuiwe na ile ndoano ya slaidi inayovuta maganda. Fataki inawaka, baruti inashika, ganda linatanuka na kung'ang'ania kuta za chemba. Msukumo huohuo unairudisha fataki nyuma itokeze kwenye kitako. Kisha shinikizo likipanda, ganda zima linarudi nyuma, linapiga uso wa slaidi, na fataki inasukumwa tena kwenye tundu lake na kubanwa ikawa bapa.

Hapo utaona kwa nini nafasi kubwa huleta matatizo mawili tofauti. Nafasi ikizidi sana, sehemu ya nguvu ya pini inaishia kwenye kuisukuma risasi badala ya kuwasha fataki, na risasi inakataa kuwaka. Ikiwaka, ganda linarudi nyuma umbali mrefu zaidi kwa kasi zaidi, na kitako chake ndicho kinachoumia. Kwenye bunduki ndefu zenye shinikizo kubwa ganda linaweza kukatika vipande viwili. Kwenye bastola hilo ni nadra, kwa sababu ganda ni fupi na shinikizo ni dogo: kikomo cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa 1926, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000 kwa 9 mm Luger na psi 21,000 tu kwa .45 ACP.

Nafasi ikipungua, hali ni kinyume. Slaidi haifungi yote, na bastola iliyo salama haitafyatua ikiwa hivyo. Hatari inakuja pale mtu anapoilazimisha ifunge.

Takwimu mbili za kukumbuka

Kwa 9 mm Luger, SAAMI inataka hedispesi iwe kati ya milimita 19.15 na 19.71. Kwa .45 ACP ni kati ya milimita 22.81 na 23.37. Uhuru huo ni zaidi ya nusu milimita, na kwa fundi wa bunduki ndefu ni mkubwa kupita kiasi. Kwa bastola ni wa kawaida.

Sasa weka ganda humo. Ganda la 9 mm linaruhusiwa kuwa na urefu wa milimita 19.15 likiwa refu kabisa, na 18.90 likiwa fupi. Ganda fupi kabisa ndani ya chemba ndefu kabisa, zote zikiwa halali, linabakiza nafasi ya milimita 0.81. Kama mdomo wa ganda peke yake ndio ungekuwa unazuia, bastola nyingi zingekuwa zinakosea kila siku. Hazikosei kwa sababu ndoano ya slaidi inalishika ganda kwenye mfereji wa kitako na kulizuia lisiende mbele kabla halijafika kwenye kidato. Kwa hiyo mara nyingi kinachoshikilia risasi ya 9 mm ni ndoano, ingawa mchoro wa kiwandani unasema ni mdomo.

Hilo ndilo linalofanya upimaji wa bastola uwe mgumu kuliko wa bunduki ndefu: ndoano nzuri huficha chemba iliyozidi, na ndoano iliyochoka hufanya chemba nzuri ionekane mbovu.

Hatua ya 1: Ondoa risasi na uthibitishe

Toa magazini. Vuta slaidi nyuma, ifungie hapo, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe hamna kitu. Rudia kutazama. Risasi zote ziondoke chumbani isipokuwa zile utakazozipima, na hizo zikae kwenye kisanduku mbali na bastola. Kazi ya risasi halisi inafanyika mtutu ukiwa umetolewa kwenye bastola tu, kwa sababu mtutu ulio peke yake hauna cha kuifyatua.

Usijaribu risasi halisi ndani ya bastola iliyokamilika ili kuona kama slaidi inafunga. Ukihitaji kujaribu bastola ikiwa imeunganishwa, tumia geji (kipande cha chuma cha kupimia, kilichoelezwa hatua ya 5) au risasi bandia.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kupima

Fungua bastola kwa utaratibu wa kitabu chake na utoe mtutu. Safisha chemba kwa brashi ya shaba, ukizungusha, sio kuingiza na kutoa tu. Uangalizi wote uende kwenye kidato cha mwisho wa chemba. Risasi zenye kichwa cha madini ya risasi tupu au kilichopakwa rangi zinakwanguka hapo, na mabaki yanajenga kipete kigumu ambacho macho hukikosa ukitazama haraka. Kipete hicho kinafupisha hedispesi, na kinaweza kusimamisha slaidi kabla haijafunga hata kama kila kitu kingine ni kizima. Elekeza taa kutoka mdomo wa mtutu na utazame kutoka upande wa chemba. Kidato safi kinaonekana kama mstari mkali wa duara. Kilichojaa uchafu kinaonekana kama kimeyeyuka.

Safisha pia uso wa slaidi na chini ya ndoano. Masizi yaliyogandamana chini ya ndoano huinua ganda likae upande, na yale yaliyo usoni hupunguza kipimo.

Bastola nyingi zinazoletwa kwa tatizo la hedispesi zinaishia hatua hii.

Hatua ya 3: Dondosha risasi kwenye mtutu

Shika mtutu ukiwa umeangalia chini, chemba juu. Dondosha risasi moja. Inatakiwa iingie yenyewe, igonge kwa sauti safi ya chuma, izunguke kwa kidole bila kukwama, na itoke yenyewe ukigeuza mtutu. Kitako chake kiwe sawa na ulimi wa mtutu, yaani ile sehemu ya nyuma juu ya chemba inayoegemea slaidi, au kiwe chini kidogo ya huo ulimi.

Ikizuiwa mapema na kitako kikabaki juu ya ulimi, kuna sababu kuu tatu. Ya kwanza ni kichwa cha risasi kilichowekwa kikiwa kimechomoza sana, kinachogusa mifereji ya mtutu kabla ganda halijafika kwenye kidato. Itoe uitazame: kama kichwa kina alama ndogo za mifereji, umeipata. Ya pili ni mdomo wa ganda ulioachwa ukiwa umepanuliwa. Ya tatu ni ganda lililovimba karibu na kitako, jambo linaloonekana kwenye maganda yaliyojazwa upya bila kubanwa vizuri.

Kupaka wino wa kalamu kwenye ganda na kichwa kabla ya kudondosha husaidia sana. Zungusha risasi ndani ya chemba, itoe, na utazame wino umekwanguliwa wapi.

Fanya jaribio hili kwa risasi kadhaa kutoka boksi moja, na kwa za kiwandani pia kama kawaida unatumia zilizojazwa upya. Ikiwa za kiwandani zinaingia na zako hazitaki, acha bastola na urudi kwenye mashine yako ya kujazia risasi.

Hatua ya 4: Pima maganda

Kwa vernia, kile kipimio cha taya mbili, pima urefu wa maganda matupu. Kwa 9 mm unatafuta kati ya 18.90 na 19.15. Kwa .45 ACP, kati ya 22.56 na 22.81. Usishangae ukikuta mengi yako upande wa chini, hasa yaliyopigwa mara nyingi. Maganda ya bastola yaliyonyooka huelekea kufupika kadiri yanavyotumika, tofauti na ya bunduki ndefu yanayorefuka na kuhitaji kukatwa. Kukata maganda ya 9 mm ili yawe sawa ni kujitafutia matatizo, maana unaongeza nafasi ambayo tayari ipo.

Kisha pima kipenyo cha mdomo wa ganda kwenye risasi iliyokamilika. Kwa 9 mm, kati ya 9.60 na 9.65 ni sawa. Chini ya hapo, mdomo umebanwa kupita kiasi. Risasi zinazozuiwa kwa mdomo zinahitaji kubanwa kidogo tu, kiasi cha kuondoa ule upanuzi wa kupokelea kichwa. Ukizikunja mdomo kuelekea ndani kama risasi za rivolva, unaondoa kile kile kinachokutana na kidato. Ganda linapita na kusogea mbele zaidi, na dalili utakazoziona ni za hedispesi iliyozidi hali chemba ni nzima kabisa.

Hatua ya 5: Tumia geji

Geji za hedispesi ni vipande vya chuma kigumu vyenye umbo la kitako na urefu wa ganda. Huuzwa kwa seti: yenye alama GO ina urefu wa chini unaoruhusiwa, yenye alama NO-GO inazidi hapo. Wengine wana ya tatu, FIELD, inayokaribia au kufikia kikomo cha juu. Soma namba iliyochongwa, si alama peke yake. Watengenezaji hawakubaliani urefu wa NO-GO uwe wapi, na baadhi huifanya fupi kuliko kikomo cha SAAMI makusudi, ili fundi anayefunga mtutu mpya abakize nafasi ya kuchakaa. Bastola ikishindwa kwenye NO-GO fupi haijawa mbovu. Imepita tu kipimo ambacho fundi angependa kwenye kazi mpya. Kwa sababu hiyo usichanganye GO ya mtengenezaji mmoja na NO-GO ya mwingine.

Toa springi ya kurudishia slaidi. Springi ile ina nguvu ya kutosha kuibana geji na kukudanganya, na ukiachia slaidi ijipige yenyewe juu ya geji ya chuma kigumu unaumiza kidato. Kama kitabu cha bastola kinaruhusu, toa na ndoano. Baadhi ya geji hazina mfereji wa ndoano, na ndoano ikilazimika kupanda juu ya kitako chake inaisimamisha geji kombo.

Weka GO kwenye chemba, rudisha mtutu na slaidi, usukume slaidi mbele kwa vidole viwili, polepole, mpaka mwisho. Inatakiwa ifunge kabisa: mtutu uinuke kwenye meno yake ya kufungia, na nyuma ya slaidi ilingane na fremu ilivyo siku zote. Ikikataa, hedispesi imepungua. Rudi hatua ya 2 kwanza, kisha rudia.

Sasa weka NO-GO. Slaidi isifunge yote. Hapa mkono mwepesi ni wa lazima, kwa sababu ukisukuma kwa nguvu utaweza kuifunga bastola nyingi juu ya NO-GO na ukaihukumu bure. Unasimama pale unapohisi kizuizi. Usivute triga geji ikiwa ndani.

Hatua ya 6: Pata namba yenyewe

Geji hujibu ndiyo au hapana. Mimi napenda namba zaidi, na kwa bastola za mtutu unaoinama, mfumo uliotokana na kazi za mbunifu wa silaha John Browning, inapatikana bila kufumua ndoano.

Simamisha mtutu chemba ikiwa juu, dondosha GO ndani. Weka ncha ya vernia kwenye mwisho wa ulimi wa mtutu na ushushe kile kijiti cha kina mpaka kiguse kitako cha geji. Andika kina hicho. Kisha unganisha mtutu mtupu na slaidi bila geji, ukiwa umefunga, uusukume mtutu mbele ndani ya slaidi, na upitishe fila geji (bamba jembamba la kupimia mapengo) kati ya mwisho wa ulimi na uso wa slaidi. Andika upana wa pengo hilo. Jumlisha urefu wa geji, kina chini ya ulimi, na pengo.

Kwa mfano, bastola ya 9 mm yenye geji ya 19.15, kina cha 0.15 na pengo la 0.10 ina hedispesi ya milimita 19.40, iliyo katikati ya mipaka. Ukipata 19.75, hapo una hoja ya kumpelekea fundi. Kama kitako cha geji kimetokeza juu ya ulimi, kina kinakuwa hasi nawe unatoa badala ya kujumlisha. Kikitokeza kuliko upana wa pengo, slaidi haiwezi kufunga.

Pima zaidi ya mara moja, ukitoa geji na kuirudisha kila mara. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05, tatizo ni mkono au uchafu.

Bastola zenye slaidi isiyojifunga na mtutu, kama Makarov na nyingine nyingi za 9x18 na .380 ACP, ni habari nyingine kidogo. Mtutu umetulia kwenye fremu, na kinachoshikilia slaidi mbele ni uzito wake na springi peke yake. Geji zinafanya kazi vilevile, ila springi iliyochoka katika bastola hizi huleta madhara yanayofanana na hedispesi mbaya, kwa hiyo ibadilishe kwanza.

Hatua ya 7: Soma maganda yaliyopigwa

Kusanya maganda ya boksi moja yaliyopigwa na bastola hiyo na uyatazame kwa lenzi. Fataki iliyotokeza juu ya kitako inasema ganda lilisukumwa mbele na halikurudi sawasawa, ishara ya nafasi iliyozidi pamoja na shinikizo dogo. Alama ya pini isiyo na kina, ikitokea kwenye risasi zilizokataa, inaweza kuwa nafasi iliyozidi, na inaweza pia kuwa springi ya pini iliyochoka au mafuta mazito kwenye njia ya pini. Fataki bapa peke yake haithibitishi kitu, kwani shinikizo la kawaida la 9 mm huibapaza.

Dalili moja hupotosha watu sana: uvimbe upande mmoja tu wa ganda, karibu na kitako, mahali ambapo njia ya kupandishia risasi imekatwa chini ya chemba. Huo unatokana na chemba isiyolishika ganda lote chini, au shinikizo lililozidi. Hauna uhusiano na hedispesi, na kubadilisha hedispesi hakutauondoa.

Tazama pia ukingo wa kitako. Ndoano ikiwa inabeba kazi nzito, huacha mkwaruzo mrefu au hata kupinda ukingo. Ganda la namna hiyo likija pamoja na kipimo cha hatua ya 6 kilichozidi, majibu mawili yanakubaliana.

Ukiwa uwanjani na risasi ikakataa, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30 angalau kabla ya kufungua. Fataki inaweza kuchelewa.

Risasi isiyo yake

Ndoano ile ile inayookoa risasi fupi ndiyo inayoficha kosa hili. Risasi ya .380 ACP ina ganda la milimita 17.27, karibu milimita mbili pungufu ya 9 mm Luger, na ikiingia kwenye chemba ya 9 mm ndoano inaweza kuishika na bastola ikafyatua. Vilevile .40 S&W, iliyotolewa 1990, ni fupi kwa milimita 3.6 kuliko 10 mm Auto iliyoizaa, na wako wanaoipiga kwenye bastola ya 10 mm makusudi kwa kuwa kipenyo ni kile kile. Inafyatua, ila hakuna kidato kinachoigusa, na kila pigo linaning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma kisichotengenezwa kwa kazi hiyo. Tabia ya ulengaji inaharibika, na ndoano inaisha. Namna moja ya kukwepa ni rahisi: soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, soma kitako cha risasi, yafanane neno kwa neno. "9 mm" peke yake haitoshi, maana 9x18 Makarov ina kichwa kipana zaidi kuliko 9x19, yaani 9 mm Luger.

Nini cha kufanya na majibu

Hedispesi iliyopungua baada ya usafi wote hutokea zaidi kwenye mtutu mpya ambao haujakamilishwa. Chemba inaongezwa kina kwa kikereza maalumu, au ulimi unapunguzwa, na vyote viwili ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni. Kupiga tupa ulimi nyumbani ni kosa lisilorudi nyuma.

Iliyozidi haina dawa ya bei rahisi. Kidato hakirudishwi. Ama mtutu unabadilishwa, au, ikiwa kilichochakaa ni meno ya kufungia, mtutu pamoja na slaidi. Kabla ya hapo, mwambie fundi ajaribu ndoano mpya na springi yake, na upige risasi za kiwandani. Tatizo likiisha, na namba ya hatua ya 6 ikiwa ndani ya mipaka, huna haja ya mtutu.

Mahali pa kuwa na wasiwasi wa kweli ni bastola iliyokusanywa vipande: slaidi ya huku, mtutu wa kule, namba zisizofanana. Bastola nyingi za zamani za kijeshi ziko hivyo baada ya kupita kwenye karakana kadhaa. Hiyo ipimwe kabla haijapigwa hata risasi moja, na ipimwe tena kila mtutu au slaidi inapobadilishwa. Andika kipimo pamoja na namba ya geji uliyotumia, kwa sababu ulinganisho wa mwaka kesho una maana tu ukifanywa kwa geji ileile.